Saini Juu ya Karatasi Tupu

Mama mkwe mtarajiwa hakuigusa chai. Alikaa ukingoni mwa kochi, mkoba kaupakata, miguu kaikusanya, mkao wa mgeni asiyetaka kukaa. Mwanawe alikaa kando yake, shati limenyooka kwa pasi, macho kayatupa kwenye zulia. Tangu waingie hakumtazama mchumba wake hata mara moja, na mchumba alikuwa anahesabu.

Huyo mchumba kazini walimwita Mara Mbili, na jina hilo alilistahili. Alikuwa mtaalamu wa maabara ya hospitali, kitengo cha damu. Kila mfuko wa damu alioulinganisha na damu ya mgonjwa aliurudia upya toka mwanzo, hata kama jibu la kwanza lilikuwa wazi kama mchana, hata kama muuguzi kasimama mlangoni anapiga mguu chini. Nyumbani alifunga mlango akaujaribu, akaondoka hatua tatu, akarudi kuujaribu tena. Dada yake, aliyeishi naye, alikuwa na utani wake: siku ya harusi bibi huyu ataulizwa kama amekubali, naye atamwomba mfungisha ndoa arudie swali.

Dada mwenyewe alikuwa chumba cha pili kwenye cherehani, anashona sare za shule. Tuseme alikuwa anajifanya anashona. Kila maneno yalipopamba moto sebuleni, cherehani ilinyamaza.

"Binti yangu," alianza mama, "mimi si mtu wa kuzunguka. Nimekuja kwa heshima, na nimekuja na mwenyewe, asije akasema nimepita nyuma yake."

"Karibu Mama. Sema tu."

"Ninaye rafiki yangu alikuwemo kwenye ile kamati ya usaili wako, Jumatano. Hakuniambia mengi, kazi yake haimruhusu. Ila faili lako limeandikwa vibaya. Wewe ni mzembe. Unatoa damu bila kuihakiki." Akashusha pumzi. "Ni kweli au si kweli?"

Mara Mbili alimtazama yule mwanamume aliyekuwa anasoma zulia.

"Kwamba imeandikwa ni kweli," alisema.

Ilikuwa kweli hasa. Jumatano ile alikuwa ameketi mbele ya watu watano akiomba nafasi ya mkuu wa maabara katika hospitali mpya, mwendo wa siku nzima kwa basi. Alijibu maswali yote, akaona vichwa vinatikisika kwa kuridhika. Ndipo mwenyekiti akafungua fomu yake ya tathmini ya mwaka na kusoma kwa sauti: "Mtumishi huyu hana desturi ya kuhakiki kazi yake. Hafai kupewa dhamana ya kuongoza wengine." Akaigeuza fomu juu ya meza. "Hii hapa chini si saini yako?"

Ilikuwa yake. Na kile kisanduku cha maoni ya mtumishi, mahali pa kujitetea, kilikuwa cheupe.

"Ukikiacha wazi maana yake umekubali," mwenyekiti alimwambia, wala si kwa ukali. "Tunakupa hadi Jumatatu ulete maelezo kupitia kwa mkurugenzi wa hospitali yenu. Usipoleta, fomu itabaki hivi ilivyo. Popote utakapoomba kazi, itakutangulia kufika."

Lakini kilichomshtua siku ile ni mwandiko. Aliujua mwandiko ule kuliko wake mwenyewe. Ndio uliokuwa ukimbandikia vijikaratasi kwenye mlango wa jokofu la damu: Umekula? Leo umependeza. Nisubiri, tutoke pamoja. Mkuu wake wa kazi na mchumba wake walikuwa mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyekuja na fomu miezi miwili nyuma, saa ya kufunga kazi, anahema kama anayekimbizwa. "Tia saini hapo chini, mengine nitajaza mwenyewe, nataka niwahi masijala." Alimshika bega alipokuwa anasema. Joto la mkono lilipenya koti jeupe, na Mara Mbili akaiegemeza karatasi tupu kwenye jokofu akatia saini huku anacheka. Mtu wa kurudia kila kitu, siku hiyo hakusoma hata mara moja.

Tangu Jumatano alimpigia simu mara kumi na moja. Hazikupokelewa.

"Mwaka juzi nilifanyiwa upasuaji pale pale kwenu," mama aliendelea, sasa kwa uchungu wa kweli. "Niliongezewa damu. Nikifikiria kwamba mfuko ule ulipita mikononi mwako, mwili wote unanisisimka. Nitakukabidhije mwanangu? Watu wataniuliza, mke wa mwanao si ndiye yule? Niwajibu nini? Huyu mwenzako amekutetea kwa wakubwa hadi sauti imemkauka, kaniambia mwenyewe. Hawakumsikiliza. Amefanya alichoweza."

Cherehani ikanyamaza.

"Amenitetea?" aliuliza Mara Mbili.

"Sana."

"Kwa wakubwa gani, Mama?"

"Hao walioandika."

Mara Mbili akageuza shingo taratibu. "Mkuu," alimwita kwa jina la kazini, jina ambalo nje ya maabara hakuwahi kumwita. "Mwambie Mama ni wakubwa gani."

Mwanamume akainua uso. Alikuwa na macho mazuri, hilo hata leo halikupungua, na yalikuwa yamejaa ombi. Mara Mbili aliwahi kuyapa macho yale kila yalichoomba.

"Tuyazungumze sisi wawili," alisema kwa sauti ya chini. "Tafadhali. Si hapa."

"Siku tatu nimekupigia tuyazungumze sisi wawili. Wewe ndiye uliyechagua kuja na Mama."

Akafungua bahasha iliyokuwa juu ya meza, akatoa nakala ya fomu, akamkabidhi mama kwa mikono miwili. Mama akavaa miwani. Yeye ndiye aliyemshika mwanawe kidole kumfundisha herufi ya kwanza, na ilimtosha mistari miwili. Aliivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, akaivaa tena.

"Mbona huu ni mwandiko wako?"

Mwanamume aliyarudisha macho kwenye zulia.

"Nakuuliza wewe! Si huu mwandiko wako?"

"Ni wangu, Mama."

"Uliambiwa uandike? Ulilazimishwa?"

"Hapana."

"Basi ni kweli huyu binti ni mzembe?"

Mwanamume akayashika magoti yake mawili kama mtu aliye kwenye gari bovu. "Si kweli. Pale hakuna anayemfikia."

"Sasa?"

Alimgeukia mchumba, si mama, na maneno yakamtoka mfululizo, ya mtu aliyeyafanyia mazoezi njiani. "Nilisikia unaomba kule. Hukuniambia wewe, nilisikia kwa watu. Mwendo wa siku nzima! Ningekuona lini? Mara moja kwa mwezi? Nilijua ukienda umekwenda. Ungekuwa mkuu kama mimi, pengine kunizidi, ungekutana na watu wengine. Nilikuwa nakupoteza. Nikasema niandike neno moja tu, wakunyime ile nafasi, basi. Tungeoana, ungesahau. Ni karatasi tu, inakaa kwenye faili, nani anasoma?"

"Nilitaka nikuambie nikiipata," alisema Mara Mbili. "Nilikuwa nimekununulia tai. Nikasema nitakupa siku hiyo, nikuombe uhamie kule tuanze pamoja." Hakukusudia kuitaja tai. Ilimponyoka, na machozi yakamponyoka nayo, akayafuta kwa kiganja haraka. "Ungeniambia usiende. Ungenipigia magoti, ungeninunia, ungenigombeza. Pengine nisingekwenda. Mimi nilikuwa mjinga wako kiasi hicho."

"Nilikupenda vibaya. Nakubali."

"Ulinipenda vizuri. Uliniandika vibaya. Mimi kwa watu sina kingine, hujui? Sina baba mwenye cheo, sina mjomba ofisini. Nina jina langu kwamba nikikuambia damu hii inafaa, inafaa. Ndilo hilo ulilolichukua."

Chumba cha pili Dada alikohoa, kikohozi cha mtu anayejizuia asitoke na mkasi.

Mama alikuwa bado ameishika fomu. Ukweli ulikuwa umemfika, lakini mtu mzima hakubali kuanguka mara moja. "Hata hivyo," alisema polepole, "hakuna moshi… yaani, hata akikosea kuandika, mtu anaandika kitu kilichopo. Labda mara moja moja ulisahau."

Mara Mbili akaingiza tena mkono kwenye bahasha, akatoa kurasa zilizonakiliwa kutoka daftari la kutolea damu. Mkurugenzi ndiye aliyemruhusu kuzinakili, Ijumaa. Majina ya wagonjwa yote alikuwa ameyafunika kwa vipande vya karatasi kabla ya kunakili, kipande kwa kipande, maana hata akiwa anazama asingetembeza siri za wagonjwa. Ukurasa mmoja tu ulikuwa na jina wazi.

"Huu ni wako, Mama. Jina ni lako, nimeona nina haki ya kukuonyesha wewe mwenyewe. Soma mstari wa tatu."

Mama akasoma kwa midomo. "Mfuko wa kwanza… umekataliwa. Haulingani." Akainua macho. "Maana yake nini?"

"Maana yake mfuko wa kwanza uliotolewa kwenye jokofu kwa ajili yako haukuwa wako. Kibandiko kilifanana. Kipimo cha kwanza mtu alikisoma kwa haraka akaona sawa. Niliporudia nikaona si sawa. Nikaurudisha, ukaletwa wa pili."

"Na ule wa kwanza ningewekewa?"

"Usingekuwa hapa, Mama."

Mama alishika kifua. "Nani aliutoa huo wa kwanza? Nani alisoma kwa haraka?"

Mara Mbili hakusema. Alikuwa hajasema kwa miaka miwili, hata kwa Dada. Alingoja, na wakati anangoja alitamani kwa moyo wote mwanamume huyu aseme mwenyewe, aseme hata hili moja.

"Mimi," alisema mwanamume. Sauti ilikuwa ndogo. "Ulikuwa wewe chumba cha upasuaji, Mama. Mikono ilikuwa inanitetemeka."

Mama alimgeukia binti wa watu. Kwa mara ya kwanza tangu aingie, alimtazama kama mtu.

Mara Mbili akazigonga kurasa zilizobaki mezani zikakaa sawa. "Kila mfuko una saini mbili. Anayepima na anayehakiki. Miaka mitatu, mifuko niliyoipima mimi nimesaini kwanza, Mkuu akasaini ya pili kwamba ameona kazi yangu na iko sawa. Mia nne na kumi na saba. Kwa hiyo watamuuliza: kama huyu hahakiki, saini zako mia nne na kumi na saba ulikuwa unasaini nini? Ama ulidanganya kwenye daftari, ama umedanganya kwenye fomu."

Ndipo mwanamume alipoelewa. Alikuwa amefikiria machozi, amefikiria matusi. Daftari hakulifikiria.

"Utanimaliza," alisema.

"Sijataka kukumaliza. Ndiyo maana nimekungoja hadi leo." Akaweka mbele yake karatasi nyeupe na kalamu. "Andika wewe. Mistari mitatu. Kwamba uliyoyaandika si kweli na unayafuta. Ukiandika kwa mkono wako, ukasema ulikosea, sina haja ya kupeleka kurasa hizi. Watakupa onyo, labda. Lakini utakuwa umejisemea mwenyewe."

"Na sisi? Nikiandika, sisi tutakuwaje?"

"Andika kwanza."

Alisema hivyo kwa ukavu. Asidanganywe mtu: alikuwa bado anampenda. Laiti mwanamume yule angejua jinsi mlango ulivyokuwa wazi dakika ile! Angeandika mistari mitatu, angevuka.

Aliichukua kalamu. Akaandika tarehe. Akaandika: Mimi, mkuu wa maabara, napenda kueleza kwamba. Hapo mkono ukasita.

"Usiandike," alisema mama.

Wote wawili wakamtazama.

"Usiandike, mwanangu. Onyo gani? Mkuu wa kazi anayekiri kwa mkono wake kwamba amemsingizia mtu, watamwacha? Unga utamwagika." Akamgeukia Mara Mbili, na uso wake ulikuwa na aibu na shukrani na ukaidi, vyote kwa pamoja. "Binti, Mungu akulipe. Uhai huu nimeupata kwako, nimeona kwa macho yangu. Nisamehe niliyoyasema. Lakini huyu ninaye peke yake. Ningekuwa na wawili ningekupa mmoja aharibikiwe. Wewe ni hodari, utapata pengine."

"Kwa fomu hii, Mama? Nitapata wapi?"

Mama akainamisha kichwa.

"Mimi sikusikilizi wewe, Mama," Mara Mbili aliendelea, na hakumtazama mama. "Namsikiliza yeye."

Mwanamume aliikodolea karatasi. Nje mtu alipita anapiga mluzi, akapotea. Ile nukta ya wino chini ya neno kwamba ikawa inakua, maana kalamu ilikuwa imegandia pale pale. Mwisho akaiinua. Akaiweka mezani polepole, kwa uangalifu mkubwa, sambamba na karatasi.

"Nipe wiki moja nifikirie," alisema.

"Ni Jumatatu."

"Basi niongee na mkurugenzi kwa mdomo. Nitampanga vizuri. Kwa mdomo ni rahisi zaidi."

Mara Mbili akatikisa kichwa, mara moja. Akavua pete. Ilikwama kidogo kwenye kifundo, akaizungusha, ikatoka. Hakuitupa wala hakuibamiza. Aliiweka juu ya ile karatasi yenye mstari mmoja, akaikunja karatasi juu yake, akamsogezea.

"Vyote viwili hukuvimaliza," alisema.

Mama aliinuka kwa shida. Ukurasa wake aliukunja akautia ndani ya mkoba, akapita mbele ya Mara Mbili akamgusa shavu kwa vidole vilivyopoa, akatoka bila kuaga. Mwanamume alimfuata. Mlangoni akasimama. Mgongo ule Mara Mbili aliujua ukiwa umeinamia meza, ukiwa umechoka, ukiwa umemwinamia kwenye ngazi za nyuma za hospitali siku mwanamume alipomwomba waoane, jenereta linanguruma hadi akalazimika kuuliza kwa kupiga kelele. Sasa ulisita, ukageuka, na ule moyo mpumbavu ukaruka. Anarudi. Anarudi kuandika.

"Ule ukurasa wa Mama," alisema kwa sauti ya chini, mama asisikie. "Nakala yake ipo nyingine?"

Kuna kitu kilikatika ndani yake kimya kimya, na cha ajabu alipokisikia kikikatika alipumua.

"Haipo. Wala sikukusudia kuupeleka."

"Kweli?" Uso wake ulifunguka. Alipata nafuu ya waziwazi, kama mgonjwa aliyeambiwa homa imeshuka. "Ahsante. Sana. Wewe ni mtu mwema, nilijua tu. Na… na mimi bado nakupenda, ulijue hilo."

"Nalijua. Liandike kwenye fomu ya mwaka ujao," alisema Mara Mbili. "Ila safari hii nitaisoma kabla sijasaini."

Akafunga mlango. Akaujaribu. Akasimama pale, mkono kwenye komeo, akawasikiliza wakishuka ngazi, viatu vya mama polepole, vya mwanawe haraka.

Dada alitoka na uzi mdomoni, futi ya kupimia nguo shingoni, macho mekundu. "Umempa nafasi nne," alisema. "Nimezihesabu. Mimi ningempa ya kwanza tu, tena kwa mkasi."

"Dada."

"Nimenyamaza." Hakunyamaza. "Jumatatu Mkurugenzi akisoma, huyo huyo ndiye utakayesimama naye kwenye meza moja. Mfuko katikati, wewe saini, yeye saini. Utaweza?"

"Nitaweza vipi, sijui." Safari hii hakuyafuta machozi. Dada alimvuta akamkumbatia, pini za kwenye gauni zikamchoma kidogo, akaachia zichome. Alilia kwa ajili ya vijikaratasi vya jokofu, na kwa ajili ya tai iliyokuwa kabatini na karatasi yake ya zawadi, na alilia zaidi kwa kuwa hata sasa, mtu angemuuliza kama anampenda, asingehitaji kurudiwa swali.

Alipomaliza aliosha uso. Akafuta meza, maana kikombe cha mama kilikuwa kimeacha duara la maji, akaitoa barua yake mwenyewe kutoka kwenye droo. Aliiandika Ijumaa akaiacha bila saini, kwa tumaini. Ilikuwa kurasa mbili. Ilieleza jinsi alivyosaini fomu tupu, na kwamba kosa hilo ni lake. Ilieleza saini mia nne na kumi na saba. Haikumtukana mtu.

Akaisoma kutoka juu hadi chini. Akaisoma tena. Kisha akatia saini.